Kadi ya Mkopo ya Chama: Ipime kwa Mwezi Mbaya

Mwalimu wa Kenya aliyewahi kukopa kwenye SACCO, au mfanyakazi wa Tanzania aliyezoea kukatwa hisa kwenye mshahara, hahitaji kufundishwa chama cha akiba na mikopo ni kitu gani. Akihamia Marekani anavikuta vyama vya aina hiyohiyo, ambavyo wenyeji huviita krediti yunioni. Wanachama wanaweka akiba, wanakopeshana kutoka mfuko huohuo, kila mmoja ana kura moja bila kujali ana dola ngapi, na ziada ikipatikana inarudi kwao kwa njia ya gawio au riba nafuu. Cha kwanza kilianza Manchester, jimbo la New Hampshire, mwaka 1908, na sheria ya taifa zima ikapitishwa mwaka 1934. Kilicho kigeni kwake ni kadi ya mkopo. Nyumbani mkopo wa SACCO una mwanzo na mwisho: unajaza fomu, unatafuta wadhamini, unapewa kiasi kinachojulikana, unakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kadi haina mwisho. Ni mkopo unaofunguka upya kila unapolipa, na chama kimoja kinaweza kukuwekea mezani kadi tatu, nne au tano uchague mwenyewe.

Ushauri wangu kwa anayechagua ni mmoja: usiipime kadi kwa mwezi ambao fedha zimetosha, ipime kwa mwezi ambao hazikutosha. Katika mwezi mzuri kadi karibu zote zinafanana, na tofauti yake ni dola chache za zawadi. Katika mwezi mbaya ndipo zinapoachana kabisa, na hapo ndipo chama kinachomilikiwa na wanachama kina kitu ambacho benki kubwa kwa kawaida haikupi. Lakini hapohapo ndipo ilipo hatari yake ya pekee, ambayo matangazo hayaitaji.

Chukua mfano wa Navy Federal, chama kikubwa kuliko vyote Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1933 na wafanyakazi 7 wa wizara ya jeshi la majini na ambacho sasa kina wanachama zaidi ya milioni 14: wanajeshi, wastaafu wa jeshi, watumishi wa wizara ya ulinzi na jamaa zao. Kina kadi isiyo na zawadi yoyote lakini yenye riba ndogo. Kina kadi inayokurudishia asilimia fulani ya matumizi yako, kadi za pointi, kadi ya wasafiri yenye ada ya mwaka, na kadi ya dhamana kwa mtu asiye na historia nzuri ya mikopo. Vyama vidogo hufuata mpangilio huohuo kwa ufupi, mara nyingi kadi tatu tu: ya riba ndogo, ya zawadi, na ya dhamana. Kadi ya zawadi ndiyo yenye picha nzuri kwenye tangazo. Ile ya riba ndogo haina cha kutangazia isipokuwa tarakimu, kwa hiyo usipoiulizia unaweza kuondoka tawini bila kujua kuwa ipo.

Tarakimu hiyo ina historia. Sheria inaweka ukomo wa riba kwa vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu. Kwenye maandishi ukomo huo ni asilimia 15 kwa mwaka, lakini bodi ya NCUA, mamlaka inayovisimamia, inaruhusiwa kuupandisha kwa muda, na tangu 1987 imeuweka kwenye asilimia 18 na kuuhuisha tena na tena. Benki kubwa hazibanwi hivyo, kwa sababu zinaruhusiwa kutumia sheria ya riba ya jimbo zilikojisajili, na majimbo kama South Dakota na Delaware yaliondoa ukomo wao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzivutia. Matokeo yanaonekana kwenye takwimu. Wastani wa riba za kadi uliotolewa na Benki Kuu ya Marekani ulikuwa juu ya asilimia 21 mwaka 2024 wote. Februari ya mwaka huohuo mamlaka ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilichapisha ulinganisho wa mamia ya kadi na kukuta kwamba watoaji wakubwa wanatoza riba iliyo juu kwa pointi 8 hadi 10 kuliko benki ndogo na vyama vya akiba na mikopo. Ada ya mwaka ilikutwa kwenye asilimia 27 ya kadi za wakubwa, na kwenye asilimia 9.5 tu ya kadi za wadogo.

Sasa tuziweke tarakimu hizo kwenye matumizi ya nyumba moja. Tuseme familia inatumia dola 800 kwa mwezi kwenye kadi: chakula, mafuta ya gari, dawa, simu. Benki kubwa inaipa kadi inayorudisha asilimia 2, yenye riba ya asilimia 27. Chama kinaipa kadi isiyorudisha kitu, yenye riba ya asilimia 13. Kwa mwaka zawadi ya benki ni dola 192, fedha ya kweli, wala si ya kudharau. Lakini deni la dola 1,500 likikaa mwaka mzima, riba ya benki ni dola 405 na ya chama ni dola 195. Tofauti ni 210. Zawadi yote imeliwa na dola 18 juu yake. Hesabu ya kujua mpaka uko wapi ni nyepesi: gawanya zawadi ya mwaka kwa tofauti ya riba. Dola 192 kugawanya kwa 0.14 ni kama dola 1,370. Deni lako la kawaida likizidi hapo, kadi ya benki inakutia hasara hata kama kila mwezi inakuandikia kwamba umepata zawadi. Na hapo sijahesabu jambo moja: ukibakiza deni, kwa kawaida unapoteza siku zisizo na riba, hivyo hata unga na mafuta uliyonunua leo yanaanza kutozwa riba leo.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa ndani ya chama kimoja inaweza kutoa jibu tofauti, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kadi ya riba ndogo hushinda siku zote. Kama kadi ya zawadi ya chama inarudisha asilimia 1.5 kwa riba ya asilimia 17, na ile isiyo na zawadi ina riba ya asilimia 13, zawadi ya mwaka kwa matumizi yaleyale ni dola 144, na tofauti ya riba ni pointi 4 tu. Gawanya: mpaka unasogea hadi dola 3,600. Kwa familia ambayo deni lake halifiki huko, kadi ya zawadi ya chama ndiyo bora, kwa sababu ukomo wa sheria umebana riba za kadi zote mbili zikawa karibu. Kwa hiyo usichague kwa jina la kadi. Na usitumie riba iliyo kwenye tangazo, ile inayoanza na neno “kuanzia”, kwa sababu hiyo ni ya mwenye alama za mikopo za juu kabisa. Dai kuambiwa riba ambayo wewe utatozwa, kisha ndiyo ugawanye.

Kuna pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni ya mtu anayelipa deni lote kila mwezi. Yeye atasema riba inamhusu nini, iwe 13 au 30? Ana haki, na mtu wa namna hiyo achukue kadi yenye zawadi kubwa isiyo na ada ya mwaka, popote ilipo. Ninachomwomba ni kuangalia taarifa zake za miezi 24 iliyopita kabla ya kujiweka kwenye kundi hilo. Maisha ya ughaibuni yana gharama zisizopiga hodi. Msiba unatokea Kisumu au Bukavu, tiketi ya ndege inatakiwa usiku huohuo, na mchango wa mazishi unasubiriwa. Januari inaleta karo za wadogo. Gari la kwendea kazini linakufa giaboksi. Mtu mwenye nidhamu kamili ya fedha anaweza kuangushwa na wiki moja ya aina hiyo, na hapo riba aliyoipuuza inakuwa ndiyo bei ya msiba wake. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009, kila taarifa ya mwezi inapaswa kueleza itachukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini tu, na ulipe kiasi gani kila mwezi ulimalize kwa miaka mitatu. Kisome hicho kisanduku. Kwa mtu aliyezoea mkopo wa SACCO unaoisha kwa tarehe inayojulikana, kinashtua.

Pingamizi ya pili ni ile ya asilimia 0. Benki nyingi hutoa miezi 12, 15 au hata zaidi bila riba, na chama kidogo hakiwezi kushindana nazo. Ni kweli, na kama una deni la dola 3,000 unaloweza kulimaliza ndani ya muda huo, ofa hiyo ni nzuri. Kuhamishia deni kwa ada ya asilimia 3 kutakugharimu dola 90, kisha dola 206 kwa mwezi kwa miezi 15 na umemaliza. Kama huna uhakika wa hizo 206, basi unachokinunua ni riba itakayokuja mwezi wa 16, na hiyo ndiyo uilinganishe na ya chama. Uliza pia kama chama chako kinatoza ada ya kuhamishia deni, maana vipo visivyotoza.

Jambo linalowahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wengine ni kutuma fedha nyumbani. Programu nyingi za kutuma fedha zinakubali kadi ya mkopo, na kitufe chake kiko palepale kando ya akaunti ya benki. Lakini mtoaji wa kadi mara nyingi huuhesabu muamala huo kama kutoa fedha taslimu. Maana yake ni kwamba dola 300 unazomtumia mama zinaweza kukatwa ada ya asilimia 5, yaani dola 15, mbali na ada ya programu yenyewe, na riba inaanza siku hiyohiyo hata kama huna deni lolote. Wapo wanachama ambao vyama vyao havitozi ada ya fedha taslimu, lakini hata kwao riba ya siku ya kwanza kwa kawaida ipo. Tuma kutoka kwenye akaunti, si kwenye kadi ya mkopo. Na ukienda likizo, angalia ada ya matumizi ya nje: benki nyingi hutoza hadi asilimia 3, vyama vingi hutoza asilimia 1 au havitozi kabisa. Mashine ya dukani Mombasa au Zanzibar ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha cha mashine hiyo kwa kawaida ni kibaya kuliko cha mtandao wa kadi yako.

Nimevisifu vyama, sasa nigeukie upande wa pili. Jina la chama kwenye kadi si ushahidi kwamba chama ndicho kinachokukopesha. Baadhi ya vyama havina uwezo wa kuendesha kadi vyenyewe, hivyo huingia mkataba na kampuni kama Elan, ambayo ni kitengo cha U.S. Bank. Kadi inabeba nembo ya chama, lakini mkopeshaji ni benki, na ukomo wa asilimia 18 haumhusu. Geuza kadi usome maandishi madogo ya nyuma, au soma mstari wa kwanza wa mkataba unaosema nani ametoa kadi. Vilevile kuna vyama vilivyosajiliwa na majimbo badala ya serikali kuu, na hivyo hufuata sheria za riba za majimbo yao. Maneno yanayoonyesha usajili wa serikali kuu kwa kawaida yamo kwenye jina lenyewe la chama.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye karatasi za maombi, na hii mtu wa SACCO ataielewa haraka kuliko Mmarekani, kwa sababu amezoea hisa zake kushika mkopo. Sheria ya Marekani inamkataza mtoaji wa kadi kujichukulia fedha kwenye akaunti yako ya akiba ili kulipa deni la kadi. Lakini inaacha mlango: kama umekubali mwenyewe kwa maandishi kwamba akiba yako ni dhamana ya kadi, anaweza. Vyama vingi huutumia mlango huo. Utakuta sentensi inayosema unakipa chama haki ya dhamana juu ya hisa na amana zako zote, na pengine kijisanduku cha kuweka sahihi ya herufi mbili kando yake. Ukisaini bila kusoma, mshahara wako unaoingia Ijumaa kwenye chama hichohicho ni dhamana ya kadi yako. Ukichelewa kulipa, chama kinaweza kuuchukua kabla hujalipa kodi ya nyumba. Benki kubwa iliyokukopesha kwa asilimia 27 ingelazimika kwanza kwenda mahakamani.

Gari nalo linaweza kunaswa hivyohivyo. Mikataba mingi ya mikopo ya magari ya vyama ina kifungu kinachosema gari hilo linadhamini pia madeni yako mengine kwenye chama. Umemaliza mkopo wa gari, unadai hati ya umiliki, unaambiwa bado kuna dola 2,400 kwenye kadi. Kadi uliyoiona haina dhamana, kumbe inadhaminiwa na gari unalokwenda nalo kazini.

Je, hili linavunja hoja yangu? Haliivunji, linaikamilisha. Mwezi mbaya una ngazi mbili. Kuna mwezi wa kupungukiwa, ambapo unalipa nusu ya deni na nusu inabaki. Huko kadi ya chama inashinda kwa sababu riba yake ni ndogo. Na kuna mwezi wa kushindwa kabisa, umefukuzwa kazi au umelazwa. Huko kadi ya chama yenye kifungu cha dhamana inaweza kuwa mbaya kuliko ya benki. Dawa yake ni rahisi. Uliza kwanza kama chama kinatoa kadi bila kifungu hicho. Kama hakitoi, chukua kadi hapo lakini mshahara upitishe kwenye akaunti ya taasisi nyingine, na kwenye chama ubakize hisa ya uanachama, ambayo mara nyingi ni dola 5 tu, pamoja na akiba ambayo uko tayari iguswe. Mkopo wa gari nao uweke mahali pengine ikiwa unaweza kupata riba inayokaribiana.

Kwa mgeni kabisa, kwa mfano familia ya Kikongo iliyotoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma na haina alama zozote za mikopo, mjadala wa zawadi haupo. Kadi yake ni ile ya dhamana. Anaweka dola 200 au 500, zinazuiwa kwenye akaunti, na kiasi hicho kwa kawaida ndicho kinachokuwa kikomo cha kadi. Hapa dhamana iko wazi na ina mpaka, tofauti na ile iliyofichwa kwenye sentensi. Aulize mambo matatu: je, malipo yanaripotiwa kwa Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu? Je, dhamana inarudishwa baada ya muda gani wa kulipa vizuri? Je, chama kinapokea namba ya mlipakodi kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii? Kisha atumie kiasi kidogo, alipe chote kila mwezi. Katika alama za FICO, ambazo huanzia 300 hadi 850, historia ya kulipa kwa wakati ina uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30, kwa hiyo kuchelewa hata mara moja kunaweza kumharibia mtu alama.

Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, hesabu za humu hazimalizi suala lake. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kadi kwa mtu anayelipa yote kabla riba haijaanza, na wapo wanaoikataa kwa sababu mkataba wenyewe umebeba sharti la riba. Aulize anaowaamini. Kwa upande wa fedha, kadi ya malipo inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ya chama inamtosha kwa manunuzi mengi, ila haitamjengea historia ya mikopo.

Kabla ya kusaini, omba jedwali la riba na ada ambalo sheria inamlazimisha kila mtoaji wa kadi kulitoa, omba na mkataba kamili, uende navyo nyumbani ukavisome pamoja na mwenzako. Na kama umeshakuwa mwanachama na ukakuta kifungu cha dhamana kwenye karatasi ulizosaini, una njia ambayo mteja wa benki hana. Chama kina mkutano mkuu kila mwaka, na bodi yake inachaguliwa na wanachama, wajumbe wake kwa kawaida wakiwa wa kujitolea. Katika mikutano mingi ya aina hiyo ukumbi haujai. Tafuta tarehe, nenda na jamaa watano, mkaulize kwa nini mishahara ya wanachama inadhamini kadi zao, kisha muwapigie kura wajumbe watakaowajibu.